Farasi Ana Jina, Mwanamke Hana

Wasee, mnajua ile picha ya mtu ameruka ngazi na skeitibodi, halafu anaonekana mara saba kwa fremu moja, kuanzia anaporuka hadi anapotua? Wengi hudhani ni kitu ya juzi, ililetwa na simu. Zii. Hiyo mbinu iko na zaidi ya miaka 140, na historia yake si tamu yote.

Leo ni rahisi. Kamera inakaa kwa tripodi, haisongi. Mtu anasonga, wewe unapiga picha mfululizo. Kwa programu unazilaza moja juu ya nyingine, na kwa kila moja unabakisha mwili pekee.

Kitambo ilikuwa kazi. Mwaka wa 1878 huko California, tajiri wa reli Leland Stanford alitaka kujua kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Eadweard Muybridge akapanga kamera 12 kando ya njia, kila moja ikijifyatua farasi akipita. Jibu likawa ndiyo. Farasi mwenyewe aliitwa Sallie Gardner. Shika hilo jina, tutalirudia.

Lakini hizo zilikuwa picha 12 tofauti. Aliyeweka mwendo mzima ndani ya picha moja ni Mfaransa, Étienne-Jules Marey, daktari aliyechunguza vile mwili hufanya kazi. Mwaka wa 1882, Paris, alimvalisha mtu nguo nyeupe, akamtembeza mbele ya ukuta mweusi. Mbele ya kioo cha kunasia picha kulikuwa na kisahani chenye matundu kinachozunguka. Kila tundu likipita, mwanga unaingia kidogo. Ule weusi hauachi alama, mtu mweupe anaacha. Akifika mwisho, hatua zake zote ziko kwa kioo kimoja. Bila kompyuta!

Shida ni kwamba mtu akitembea polepole, picha zinapandana na huoni kitu. Marey akageuza mambo: nguo nyeusi mwili mzima, na mistari ya kung'aa na vitone kwa mikono na miguu. Kwa picha, mtu anapotea, mistari inabaki. Ile suti ya vitone ambayo waigizaji huvaa siku hizi wakitengeneza magemu? Wazo ni lile lile.

Hapo ndipo mimi husimama kidogo. Mbinu hii ilitengenezwa kumtoa mtu na kubakisha mwendo. Sasa ikiangukia mikono mibaya inakuwaje?

Mwaka wa 1895, Paris iliandaa maonyesho ya Afrika Magharibi. Waafrika waliletwa wakae hapo, na watu wa mji waje kuwatazama. Daktari mmoja, Félix-Louis Regnault, alichukua mbinu ya Marey na kumnasa mwanamke Mwolof akifinyanga chungu. Akanasa na wengine wakitembea, wakikimbia, wakipanda miti. Lengo lake lilikuwa kulinganisha mwendo wa watu wa rangi tofauti. Aliamini mwendo wa Mwafrika unaonyesha vile binadamu wa zamani alikuwa.

Yule mama alijua kazi ya mikono ambayo daktari mwenyewe hakuijua. Lakini kwa historia, anatajwa tu kama "mwanamke Mwolof". Farasi wa tajiri tunamjua kwa jina.

Kuna mtu atasema sayansi ni sayansi, kamera haibagui. Sawa, kamera haina shida. Lakini Marey alipowapiga Wafaransa wenzake, hakuwa anauliza kama wao ni binadamu kamili. Swali la mwenye kamera ndilo huamua picha ni ya nini, na yeye ndiye huamua nani ataandikwa jina.

Na leo wenye kamera ni sisi. Mimi hupiga madansa wa mtaani, na naona mapeji makubwa yakipata maelfu ya laiki kwa miili ya watu ambao hakuna anayewajua. Dansa yuko hapo mara tisa kwa picha moja, jina hata mara moja halipo.

Kwa hivyo maoni yangu ni fupi. Muulize kabla hujapiga. Ikileta pesa, mgawie. Na ukiposti, andika jina lake kwanza, lako lifuate.