Nyuki Wamo, Wapagazi Hawamo: Vitabu vya Usimulizi wa Mapigano ya Tanga na Mipaka ya Tukio

Mapigano ya Tanga yalidumu siku nne, kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, na waliouawa pande zote mbili hawakufika 600. Njaa iliyoikumba Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, kati ya 1917 na 1920, ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 katika eneo lililokuwa na watu wapatao 150,000. Matukio haya yalitokea katika koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni ya vita vimoja, Vita vya Kwanza vya Dunia. La kwanza limeandikiwa rafu nzima ya vitabu: Leonard Mosley na Brian Gardner mwaka 1963, Charles Miller 1974, Ross Anderson 2002, Edward Paice 2007, mbali na riwaya ya William Boyd ya 1982. La pili lina makala maarufu ya Gregory Maddox ya 1990, kurasa kadhaa za John Iliffe katika historia yake ya Tanganyika, na mengine machache ya kitaaluma. Msomaji wa kawaida anayeingia duka la vitabu hawezi kukutana nalo.

Jibu jepesi ni kwamba vitabu hivyo viliandikiwa wasomaji wa London na New York, nao walitaka kusoma habari za watu wao. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, kwa sababu hata waandishi wenye nia njema, waliokusudia kabisa kuwakumbuka Waafrika, wameishia kuwapa sura moja katikati ya kitabu na kurejea kwa makamanda wao. Watetezi wa vitabu vya usimulizi hushikilia kwamba kasoro ni ya upungufu tu: ongeza sura, ongeza idadi ya waliokufa, na kitabu kitakamilika. Makala hii inapinga dai hilo. Ninadai kwamba kasoro iko kwenye mipaka ya tukio, yaani pale mwandishi anapoamua kisa kianzie na kiishie, na kwamba mipaka hiyo imerithiwa kutoka kwa mashahidi wachache waliofika kwa meli na kuondoka kwa meli. Mipaka ikiachwa ilivyo, sura ya nyongeza itabaki kuwa mgeni ndani ya kitabu.

Kuhusu mwenendo wa mapigano yenyewe hakuna ubishi mkubwa. Kikosi cha Wahindi na Waingereza chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, chenye watu wapatao 8,000, kilifika mbele ya mji uliokuwa na walinzi wachache sana. Kapteni Caulfeild wa manowari ya Fox alitoa taarifa kwa mamlaka ya mji kwanza, kisha akahofia mabomu yaliyotegwa baharini, na muda ukapotea. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck akautumia muda huo kuteremsha makampuni yake kwa reli ya Usambara kutoka Moshi. Tarehe 4 mashambulizi kutoka upande wa Ras Kasone yalivunjika mbele ya bunduki za rashasha za watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Siku iliyofuata Waingereza walirudi melini, wakiacha nyuma mamia ya bunduki na shehena kubwa ya risasi.

Ubishi unaanza kwenye swali la nani anatusimulia. Shahidi aliyetegemewa kuliko wote katika vitabu vya lugha ya Kiingereza ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi wa Aitken, aliyechapisha shajara zake za kijeshi mwaka 1960. Ndani yake mna kila anachokitafuta mwandishi wa usimulizi: mazungumzo, dharau ya wazi kwa majenerali wake, maneno makali juu ya askari wa Kihindi, na kisa cha kukutana kistaarabu na maofisa wa Kijerumani baada ya mapigano. Vitabu vilivyotoka miaka michache baadaye vilizinywa shajara hizo kama maji ya kisima. Wasomaji wa Kenya wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwezi Oktoba 1905, katika mkutano ambao Wanandi wanaukumbuka kuwa wa amani. Maelezo yake ya tukio hilo yalimsafisha yeye mwenyewe.

Shahidi huyu amechunguzwa, na wa kwanza kumnasa walikuwa wataalamu wa ndege. Meinertzhagen alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege waliokaushwa kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kwamba baadhi ya vielelezo alivyodai kuvikusanya mwenyewe vilikuwa vya watu wengine, vikiwa vimebandikwa vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Pamela Rasmussen na wenzake waliendeleza uchunguzi huo. Walipogundua kwamba bundi mmoja wa India, ambaye Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914, alikuwa ameibwa kutoka mkusanyiko wa zamani, Rasmussen aliacha kumtafuta pale kibandiko kilipoelekeza, akaenda kwenye maeneo ya wakusanyaji wa awali, na mwaka 1997 akamwona akiwa hai. Kibandiko cha uongo kilikuwa kimewapoteza wataalamu kwa miongo kadhaa.

Kwa upande wa shajara, Brian Garfield alichapisha mwaka 2007 uchunguzi mrefu unaodai kwamba sehemu kubwa yake ilitungwa au kuandikwa upya miaka mingi baada ya matukio. Shajara zilizohifadhiwa Oxford zimepigwa chapa kwenye karatasi zisizoshonwa pamoja, kwa hiyo ukurasa ungeweza kutolewa na mwingine kuingizwa bila kuacha alama. Garfield mwenyewe anakosolewa kwa kwenda mbali mno katika baadhi ya shutuma zake. Hata hivyo, anayekubali nusu tu ya anayosema hana budi kuacha kuichukulia shajara hiyo kama sauti ya siku ya mapigano.

Uchunguzi huu unatufunza mambo mawili. La kwanza ni wazi: hukumu juu ya askari wa Kihindi, kwamba walikimbia kwa sababu ya tabia yao, imesimama kwa kiasi kikubwa juu ya shahidi asiyeaminika. Vikosi hivyo vilikaa wiki mbili baharini katika meli zilizojaa, baadhi vikiwa vimepewa bunduki mpya muda mfupi kabla ya safari, na vikapelekwa kwenye vichaka bila upelelezi wa kutosha. Kushindwa kwao kunaelezeka bila kuwatukana.

La pili ndilo zito zaidi. Tuchukulie kwamba kila neno la Meinertzhagen ni kweli. Bado shajara yake ingekuwa na umbo lile lile: shahidi anateremka melini, anaona mapigano, anapanda meli, na kisa kinakwisha. Vitabu vimerithi umbo hilo, na Anderson, aliyechimba nyaraka za kijeshi kwa uangalifu usio na mfano, amerekebisha tarehe, idadi na lawama bila kuligusa. Usahihi wa ndani ya fremu hauiondoi fremu.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kwenye kisa cha nyuki. Hakuna kitabu cha Tanga kisicho nacho: risasi zilichokoza mizinga iliyokuwa mitini, nyuki wakawavamia askari wa pande zote mbili, na baadhi ya Waingereza wakaamini kwamba huo ulikuwa mtego wa Wajerumani. Lettow-Vorbeck naye anasema nyuki waliwasumbua watu wake wa bunduki za rashasha. Kisa kinachekesha na wasomaji wanakipenda. Lakini mzinga wa nyuki hauoti mtini wenyewe. Kuna mtu aliyekata gogo, akalichimba, akalipandisha na kuujua msimu wa kurina. Mashamba, minazi na njia za miguu ambamo mapigano yalifanyika vilikuwa na wenyewe, nao siku hizo nne walikuwa mahali fulani: wamekimbia, wamejificha, au wamekamatwa kubeba majeruhi. Usimulizi wa aina hii una nafasi ya kutosha kwa nyuki, na mwenye mzinga haulizwi jina.

Sasa tuisogeze mipaka. Silaha na risasi zilizotekwa Tanga, pamoja na heshima aliyoipata Lettow-Vorbeck mbele ya Gavana Heinrich Schnee, ambaye hakuvitaka vita hivyo, zilimpa uwezo wa kuvirefusha. Waingereza walijibu kwa jeshi kubwa zaidi, na mwezi Februari 1916 Jan Smuts akashika uongozi. Jeshi hilo liliingia bara katika maeneo ya mbung'o, wanyama wa kubeba mizigo wakafa, na mzigo ukahamia kwenye vichwa vya watu. Hapo hesabu inakuwa ya kikatili. Mpagazi anayebeba kilo 25 za chakula na kula kilo moja kwa siku, akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, anakaribia kuumaliza mzigo wote kabla askari hajapata punje. Ili kumlisha askari mmoja mbali na reli walihitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Watu wakachukuliwa kwa maelfu kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Kongo. Nchini Kenya msako mkubwa uliongozwa na John Ainsworth mwaka 1917. Unga wa mahindi usiozoeleka na usioiva, kuhara damu, malaria na nimonia viliua kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanataja vifo vya wapagazi vinavyokaribia 100,000.

Majeshi ya Smuts yalifika Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamechukua nafaka, mifugo na vijana wa Ugogo, na Waingereza wakaendelea pale pale walipoachia wenzao. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba, ng'ombe wa kubadilishana wala mikono ya kulima. Ukame ulichangia, na sidai kwamba Lettow-Vorbeck au Smuts aliileta Mtunya kwa makusudi. Nadai kwamba kuna mstari usiokatika kutoka shehena iliyoachwa ufukoni Tanga hadi ghala tupu Ugogo, na kwamba kitabu kinachoishia meli zinapong'oa nanga kimeukata mstari huo kwa hiari yake.

Hoja kinzani ya kwanza ni ya vyanzo: wapagazi hawakuandika shajara, na usimulizi hauwezi kujengwa juu ya ukimya. Hoja hii imepata nguvu mpya tangu Aprili 2021, pale Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukosefu wa majina ni wa kweli, lakini tusiuchanganye na ukosefu wa vyanzo. Geoffrey Hodges alizungumza na wapagazi waliosalia nchini Kenya kabla ya kuchapisha kitabu chake cha 1986. Maddox aliwasikiliza wazee wa Ugogo. Wanafunzi wa Dar es Salaam, katika utafiti wa Maji Maji wa 1968 na 1969, walikusanya kumbukumbu za vita vya kabla ya hivyo, nazo zilitosha kuandika historia yenye watu ndani yake. Pale ambapo tumekuwa tayari kumwamini mtu mmoja mwenye taipureta, hatuna haki ya kudai ushahidi mkali zaidi kwa kijiji kizima.

Hoja ya pili ni ya kifasihi: njaa haina shujaa, haina ramani ya mishale, haina kilele. Huu ni ufinyu wa mazoea. Fasihi ya Kiswahili imesimulia vita kwa muda mrefu bila kuvibana ndani ya siku za risasi. Hemedi bin Abdallah, katika utenzi wake juu ya Wajerumani kuitwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini, katika utenzi wake wa Maji Maji, wanaijua miji, tawala na ugomvi uliotangulia vita, na hawamwondoi mtu wa mji jukwaani mara bunduki zinapolia. Tenzi hizo zina upendeleo wake na si nyaraka za kufuatwa kibubusa, lakini zinathibitisha kwamba umma unaweza kuwa mhusika. Hata methali ya nyasi kuumia tembo wanapopigana, ambayo hutajwa kila vita hivi vinapozungumzwa, haitusaidii, kwa sababu nyasi hazibebi chochote, ilhali wapagazi ndio walioviendesha vita hivyo.

Kitabu cha Paice kinastahili kutajwa peke yake, maana ndicho kilichokaribia zaidi. Hesabu ya mateso ya wapagazi imo, tena kwa uzito. Lakini mkondo mkuu unabaki kufuata safu za majeshi hadi kujisalimisha Abercorn mwezi Novemba 1918. Kufikia tarehe hiyo watu wa Ugogo walikuwa bado wanakufa.

Ninapendekeza kipimo kimoja kwa wahariri, walimu na wafasiri wanaofikiria kuviingiza vitabu hivi katika mitaala na maktaba zetu. Waulize kisa kinaishia lini, na kwa nani. Kikiishia pale ofisa wa mwisho anapoondoka, kiwekwe kwenye rafu ya kumbukumbu za maofisa, hata kama mwandishi wake hakuwahi kuvaa sare. Historia ya mapigano ya Tanga yenyewe bado haijaandikwa, na nashuku kwamba atakayeiandika vizuri ataanza utafiti wake Dodoma.