Alifungiwa wodini akiwa na miaka 17, akarudi na tiba: historia ya "ugonjwa wa mpakani"

Wadau, kila ukoo una yule dada. Asubuhi anakwambia bila wewe hawezi kuishi. Jioni ukichelewa kujibu meseji, umekuwa msaliti na anakutoa kwenye kundi la WhatsApp. Usiku anatishia kujidhuru. Shangazi anasema ana kiburi, jirani anasema karogwa.

Madaktari wanauita bodalaini, yaani mpakani. Jina lilianza na Adolph Stern, daktari wa New York, mwaka 1938. Aliona wagonjwa ambao hawakuwa vichaa, ila tiba ya mazungumzo ya wakati ule haikuwasaidia. Akawaweka mpakani. Mwaka 1980 Wamarekani wakauingiza rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa ya akili. Bado madaktari wengi waliwakimbia: eti wasumbufu, hawaponi.

Sasa sikia hii. Mwaka 1961 binti wa miaka 17 alilazwa hospitali ya akili kule Hartford, Marekani. Alikuwa anajikata na kujichoma. Wakamfungia chumba cha peke yake, wakampa dawa nzito na shoti za umeme, wakasema ana skizofrenia. Alikaa zaidi ya miaka miwili, akatoka bado anaumia.

Binti huyo ni Marsha Linehan. Alisoma saikolojia mpaka akawa profesa Seattle, akabuni tiba iitwayo DBT: mgonjwa anakubaliwa alivyo, huku anafundishwa kuhimili maumivu bila kujidhuru. Matokeo ya mwaka 1991 yalionyesha waliopata tiba hiyo walijidhuru mara chache kuliko wenzao, na walilazwa siku chache pia. Siri yake ya wodini aliitoa hadharani mwaka 2011.

Hapo ndugu tuna la kujifunza. Kumwambia "naona umeumia" sio kumwambia "uko sahihi". Pokea maumivu yake, ila mipaka yako ibaki palepale. Hospitalini usiridhike na vidonge tu, maana hakuna kidonge maalumu cha ugonjwa huu. Ulizia mwanasaikolojia, na mrudi kila tarehe mliyopangiwa. Akitaja kujiua, usiseme anatafuta kiki. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali muda huohuo.

Wengi hupata nafuu, ila inachukua miaka. Usimkatie tamaa mapema.