Mitaa ya Dar es Salaam

Mitaa ya Dar es Salaam ni maeneo ya makazi na biashara yanayounda jiji kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Kiutawala mkoa una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Wilaya hugawanyika katika kata, na kata katika mitaa. Katika mazungumzo ya kila siku neno "mtaa" lina maana pana zaidi: huweza kuwa barabara moja, kama Mtaa wa Kongo, au eneo zima, kama Sinza au Manzese. Majina mengi ya maeneo hayo hayakupangwa na serikali. Yalitokana na miti, kazi, viwanda na matukio, na mengine yamedumu hata baada ya kitu chenyewe kutoweka.

Historia

Kabla ya mji kujengwa palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapo katika miaka ya 1860, lakini alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulisimama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Wajerumani waliweka masharti ya ujenzi yaliyotenganisha wakazi, na Waingereza wakayaendeleza katika miaka ya 1920 kwa kugawa mji katika kanda tatu. Kanuni zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa katika kila kanda, si rangi ya mtu, lakini matokeo yalikuwa yaleyale. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika upande wa magharibi. Wenyeji waliziita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Neno "uswahilini" linatumika hadi leo kwa mtaa wowote wa watu wa kawaida wenye nyumba zilizobanana.

Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana usiojengwa, yaani Mnazi Mmoja. Eneo lililokusudiwa kutenganisha watu baadaye likawa mahali pa mikutano na sherehe, na sasa lina mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Kariakoo

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilikuwa na kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyohiyo, Kariokor. Vita hivyo vimebaki pia katika majina ya barabara: Narung'ombe na Mahiwa ni mahali palipopiganwa kusini mwa nchi mwaka 1917. Katikati ya mji, Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 inawakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo. Kabla ya vita ilisimama hapo sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann.

Nyumba ya kawaida ya Kariakoo ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Chama cha TANU, kilichoundwa mwaka 1954, kilikuwa na ofisi yake New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba.

Soko Kuu lilibuniwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lina umbo la miavuli iliyopinduliwa na hukinga maji ya mvua. Soko liliungua Julai 2021. Nyumba nyingi za zamani zimebomolewa kupisha maghorofa ya biashara. Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Watani wa jadi

Klabu mbili kubwa za mpira nchini zina makao makuu Kariakoo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, iko Jangwani. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, iko Mtaa wa Msimbazi. Kwa hiyo kusema "Jangwani" au "Msimbazi" ni kutaja timu. Siku ya mechi kati yao kijani na njano hushindana na nyekundu na nyeupe hata ndani ya nyumba moja, na aliyefungwa hutaniwa kwa wiki kadhaa.

Magomeni

Magomeni ilipanuliwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wakazi Waafrika. Nyumba aliyoishi Julius Nyerere wakati wa harakati za uhuru imehifadhiwa kama makumbusho. Nyumba za serikali zilizojulikana kama Magomeni Kota zilibomolewa, na kaya 644 zikalazimika kuhama. Zilisubiri takriban miaka kumi hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022.

Majina ya vituo

Wakazi huelekezana kwa kutaja vituo vya daladala kuliko kwa majina ya barabara au namba za nyumba. Kituo cha Fire kimeitwa kwa kikosi cha zimamoto, Urafiki kwa kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, na Buguruni Sheli kwa kituo cha mafuta. Biafra, huko Kinondoni, ina jina la eneo lililojitenga na Nigeria, ambalo Tanzania ililitambua mwaka 1968.

Tabata Dampo ilikuwa jalala la jiji. Wakazi waliishtaki halmashauri mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu, wakashinda. Taka zilihamishwa, jina likabaki.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilipewa majina hayohayo ya mitaani: Magomeni Mapipa, Mwembechai, Tip Top, Argentina. Hivyo majina yaliyozoeleka midomoni mwa makondakta yameandikwa rasmi kwenye mabango ya jiji.