Usiandike "Kikazi": Historia ya Daftari Lililofichwa Porini

Wiki mbili zilizopita mhariri alinituma kijijini, mbali kabisa na lami, kufuatilia habari ya kisima. Kama ilivyo ada, kabla hujamuuliza mtu lolote unapita kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, unakaribishwa kiti, kisha unasogezewa daftari la wageni. Mnalijua. Tarehe, jina, utokako, kusudi la ziara, sahihi.

Mtendaji akatoka kumwita mwenyekiti. Pembeni ya meza kulikuwa na rundo la madaftari mengine yaliyojaa zamani, yameliwa na mende kidogo pembeni. Nikavuta moja kupotezea muda. Nikafungua, nikafungua, mara nikaona mwandiko ninaoujua. Ulikuwa wa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa bwana shamba upande ule na akafariki nikiwa kidato cha pili. Jina lake. Tarehe ya mwaka 2008. Sahihi yake yenye mkia mrefu. Na pale kwenye kusudi la ziara: "Kikazi."

Basi. Neno moja tu. Alifika kwa pikipiki au kwa miguu? Mahindi ya mwaka ule yalikuwaje? Alikula kwa nani? Jamani, ningetoa posho yangu yote ya safari (si nyingi, lakini hata hivyo) kupata sentensi moja zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria juu ya mchezo mmoja ambao kiini chake ni daftari. Unaitwa jiokashi. Baadhi yenu mnaucheza, wengine ndio kwanza mnausikia, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtu anachukua kopo lisiloingia maji, anaweka ndani daftari na penseli, anakwenda kulificha mahali: chini ya mzizi, ndani ya pango, nyuma ya jiwe. Kisha anatangaza kwenye intaneti vipimo vya mahali pale, latitudo na longitudo. Wengine wanakwenda na kifaa cha GPS, siku hizi simu tu, kutafuta. Ukilipata unaandika kwenye daftari, unarudisha kopo palepale, unaondoka. Kopo hilo ndilo kashi. Usipotia jina kwenye daftari, hesabu hukufika.

Historia yake ina tarehe kamili, jambo ambalo si kawaida kwa michezo. Kabla ya mwaka 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga makusudi mawimbi ya GPS yaliyotumiwa na raia, hata kifaa chako kikaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uvurugaji huo unakoma. Usahihi ukaongezeka karibu mara kumi papo hapo. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer alikwenda kwenye msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi. Ndani yake aliweka vitabu, programu za kompyuta, kanda za video, manati, kopo la maharage, pamoja na daftari na penseli. Akatangaza vipimo kwenye kundi moja la intaneti la wapenzi wa GPS. Masharti yake: chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari.

Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameshaifikia ile ndoo. Wa kwanza alikuwa Mike Teague, na ndiye aliyeanza kukusanya kwenye ukurasa mmoja vipimo vya ndoo nyingine zilizofuata. Tarehe 30 Mei mtu mwingine, Matt Stum, akapendekeza jina la jiokashi, kwa sababu neno la Kiingereza alilotumia Ulmer lilinukia dawa za kulevya zilizofichwa. Septemba mwaka uleule Jeremy Irish akafungua tovuti ya mchezo huu. Kashi zilizojulikana duniani wakati huo zilikuwa 75. Leo ni zaidi ya milioni 3, na hata hapa Tanzania zipo.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tusimame. Vitu vya kubadilishana, manati na maharage, vilipungua umuhimu haraka sana. Daftari likabaki. Kwa nini?

Kwa sababu daftari ni kongwe kuliko setilaiti. Kusini magharibi mwa Uingereza kuna nyika ya matope na mawe iitwayo Dartmoor. Mwaka 1854 mwongoza wageni mmoja wa Chagford, James Perrott, aliacha chupa kwenye bwawa la Cranmere Pool, katikati ya nyika ile. Kulikuwa hakuna barabara, na kufika ilikuwa kazi. Aliyefika aliacha kadi yake ndani ya chupa, ushahidi kwamba miguu yake ilikanyaga pale. Mwaka 1905 pakawekwa daftari. Baadaye watu wakawa wanaacha pale barua na kadi zenye anwani, na mgeni anayefuata anazichukua na kuzipeleka posta. Fikiria: barua yako inamsubiri mtu usiyemjua, na unamwamini. Mchezo wa masanduku ya Dartmoor uko hai mpaka leo.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, njoo Afrika. Huko Mossel Bay, Afrika Kusini, kuna mti mkubwa. Inasimuliwa kwamba nahodha Mreno Pedro de Ataíde, wa msafara wa Cabral, uleule uliotia nanga Kilwa mwaka 1500, aliacha pale barua ndani ya kiatu kuwaonya watakaokuja juu ya hatari za njia ya India. Mwaka 1501 nahodha João da Nova akaikuta. Leo chini ya mti ule kuna sanduku la posta lenye umbo la kiatu, na barua zinapokelewa kama kawaida.

Unaona? Mambo ni yaleyale. Mtu amefika mahali, ana neno, na hamjui atakayelisoma. Ataíde hakuandika "nimefika". Aliandika alichokiona, kwa sababu aliyekuwa anakuja nyuma alikihitaji.

Miaka ya kwanza ya jiokashi ilikuwa na roho hiyo. Kashi nyingi zilikuwa masanduku ya chuma ya risasi yaliyouzwa na jeshi, yanayoenea daftari zima. Kutembea saa mbili kutafuta sanduku moja ilikuwa jambo la kawaida, na mtu aliyetembea saa mbili akifika anakaa chini, anapumua, anashika penseli. Ana la kusema. Wapo walioandika kwamba ni matembezi yao ya kwanza tangu watoke hospitali. Wapo waliokuja na mtoto na mtoto akachora picha ya chura. Wapo waliochumbiana kwenye kopo. Wapo waliokuja peke yao mahali walipozoea kuja wawili. Anayefuata anasoma yote hayo akiwa ameketi kwenye jiwe lilelile. Hiyo ni historia ya watu ambao hakuna mwanahistoria atakayewatafuta, na imeandikwa kwa mkono wao wenyewe.

Wengine walitaka hata kuifanya sheria. Kulikuwa na kashi ambazo mfichaji alidai uandike hadithi, au shairi, au utimize sharti fulani, la sivyo anafuta ushindi wako. Aprili 2009 tovuti ikapiga marufuku masharti ya namna hiyo: ukitia jina kwenye daftari, umeipata, mengine ni hiari. Kusema kweli nakubaliana nao. Hadithi ya kulazimishwa ni kama insha ya darasa la sita, "Siku nisiyoisahau," ambayo wote tuliandika na wote tumeisahau.

Lakini hadithi zilikuwa zimeshaanza kupungua bila sheria yoyote. Sababu naziona tatu.

Ya kwanza ni kopo lenyewe. Wachezaji walipoingia mijini walihitaji makopo madogo yasiyoonekana: vikopo vya filamu za kamera, kisha vile vya sumaku vyenye ukubwa wa ncha ya kidole. Ndani yake kuna ukanda wa karatasi uliosokotwa kama sigara. Utaandika hadithi gani hapo? Jina la mchezo na tarehe, ukurasa umekwisha.

Ya pili ni hesabu. Tovuti inakuonyesha umepata ngapi, na panapowekwa namba watu hushindana. Mwaka 2010 kando ya barabara ya jimbo namba 375 jangwani Nevada, ile iliyopewa jina la viumbe wa sayari nyingine, ziliwekwa kashi zaidi ya 1,000 mfululizo, kila moja ikiwa kama mita 160 kutoka nyingine. Watu wanaendesha gari, mmoja anaruka, anatia jina, anarudi, wanasonga. Mamia kwa siku. Hapo hata kupumua ni anasa.

Ya tatu ni simu. Zamani ulirudi nyumbani, ukakaa mbele ya kompyuta, ukasimulia safari yako yote kwenye tovuti. Simu zilipokuja na programu ya mchezo, watu wakaanza kuandika hapohapo, wamesimama, kwa kidole gumba. Zikashika chati herufi nne: TFTC. Kirefu chake kwa Kiswahili ni "asante kwa kashi". Ni adabu, sikatai. Lakini ukisoma ukurasa wenye TFTC ishirini huwezi kujua kama mvua ilinyesha.

TFTC ni "Kikazi" ya Wazungu!

Nasi hatuna la kuwacheka. Panda Kilimanjaro, kila kambi utasaini daftari: jina, umri, uraia, kazi. Umeona nini njiani, hakuna safu. Nenda kwenye makumbusho zetu, fungua safu ya maoni: "pazuri", "pazuri", "safi sana", "pazuri". Tuna madaftari mengi kuliko tunavyodhani, katika kila ofisi ya kijiji na kila zahanati, na tumeyajaza mahudhurio.

Kuna rafiki yangu niliyemsimulia haya akanijibu: "Kaka, afadhali hilo neno moja. Bila lile daftari usingejua kama mzee aliwahi kufika pale." Ana hoja, na imenikaa. Mahudhurio nayo ni ushahidi. Najua sasa kwamba siku fulani mwaka 2008 baba mkubwa alikuwa hai, kijijini pale, na kalamu mkononi. Zaidi ya hapo, baba mkubwa alikuwa mtumishi, nyuma yake pengine kuna mtu anasubiri zamu ya kusaini, na safu yenyewe ina upana wa vidole vitatu. Simlaumu. Aliyechora daftari lile alitaka takwimu, akazipata.

Ninachosema ni kwamba penye nafasi, tuitumie. Wacheza jiokashi wa mwanzo hawakuwa waandishi. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa karatasi tupu na mahali pazuri, wakaamini kwamba atakayekuja baadaye angependa kujua. Wengi wao waliamini sawa.

Siku ile mwenyekiti alipofika, nilikuwa bado sijasaini daftari jipya. Nikaandika jina, gazeti, tarehe. Kwenye kusudi la ziara nikaandika: "Kufuatilia habari ya kisima. Jua kali, barabara mbovu baada ya daraja. Nimemkuta baba mkubwa kwenye daftari la 2008." Maneno yakavuka mstari, yakaingia kwenye safu ya sahihi, yakashuka hadi mstari wa chini. Mtendaji akaligeuza daftari upande wake, akasoma polepole, akacheka.

"Mwandishi," akasema, "hapa umetuandikia gazeti."

Halafu akaniuliza baba mkubwa alikuwa nani. Nilipomtaja, mwenyekiti akavuta kiti. Kumbe alimfahamu. Habari ya kisima ilichelewa kidogo siku hiyo.

Haya, zamu yenu. Ni daftari gani umewahi kulisaini ambalo ungependa kulirudia uandike vizuri zaidi?