Lori Likishaondoka: Wakimbizi wa Kitale na Bungoma na Waliowapokea



Kila Ramadhan ikiingia sanduku la sadaka hujaa, na kamati ya vijana huanza kubishana: hizi pesa zipelekwe wapi? Wako wanaotaka zitumwe kwa shirika kubwa lenye jina, manake huko kuna risiti na magari. Wengine wanasema zibaki hapa hapa kwa vikundi vidogo vya mtaani vinavyosaidia waliokimbia makwao. Basi kabla hujainua mkono kupiga kura, hebu turudi nyuma tuangalie historia ya kwetu.

Wengi wetu tukisikia neno mkimbizi tunafikiria Kakuma. Si kosa. Tangu kambi ile ifunguliwe mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita Sudan, malori ya chakula yanapita hapa Kitale yakielekea Kapenguria na Lodwar. Lakini mwaka ule ule sisi wenyewe tulikuwa na wakimbizi wetu. Mapigano ya kikabila yaliyoanzia shamba la Miteitei, Nandi, mwezi Oktoba 1991 yalifika Trans Nzoia na Mlima Elgon, ambao wakati huo ulikuwa bado ndani ya wilaya ya Bungoma. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliandika mwaka 1992 kuwa watu 779 walikufa na 54,000 hivi wakapoteza makao nchini. Watu walilala kwenye nyua za makanisa, sokoni na kwa jamaa zao.

Miaka 15 ikapita. Uchaguzi ukafanyika Desemba 27, 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na moto ukawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Kitale, ule uwanja wa maonyesho ya kilimo tunaokwenda kutazama ng'ombe na trekta, ukageuka mji wa mahema. Endebess nako vivyo hivyo. Wengine walivuka mpaka wa Malaba wakaingia Uganda, wakawekwa kambi ya Mulanda karibu na Tororo, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo. Mkenya akawa mkimbizi kwa jirani!

Sasa hapa nataka usome polepole. Hesabu ya serikali ilisema waliofukuzwa ni watu 663,921. Kati yao 350,000 walikuwa katika kambi 118. Je, hao 313,921 waliobaki walikuwa wapi? Walikuwa majumbani kwa watu. Kwa shangazi, kwa rafiki wa kazini, kwa mama fulani wa kanisani au wa msikitini aliyekuwa na chumba kimoja akakigawa kwa pazia. Karibu nusu ya janga lote lilibebwa na watu ambao hakuna kamera iliyowapiga picha. Na kwa vile orodha ya msaada ilifuata hema, wengi wa hawa hawakuandikwa. Blanketi hakuna, unga hakuna, na mwenye nyumba naye akaanza kufilisika kimya kimya. Mwezi Mei 2008 ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani, kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Lakini kama jina lako haliko kwenye daftari la kambi, utaanzia wapi kudai?

Mlima Elgon ndiko jambo hili lilikuwa chungu zaidi. Ugomvi wa ardhi ya Chepyuk, mradi ulioanza mwaka 1971, ulizaa kundi lenye silaha la SLDF, na kufikia 2006 watu walikuwa wanauawa na kukatwa masikio. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walisombwa wakapelekwa kambi ya Kapkota, na ripoti za haki za binadamu za mwaka huo zinaeleza mateso yaliyofanyika pale. Raia akabanwa huku na huku. Makumi ya maelfu waliteremka Cheptais, Kimilili, Chwele, Bungoma mjini, na wengine hapa Kitale. Hawakukusanywa uwanja mmoja kama wa maonyesho. Walikodi vyumba, mama na watoto, na baba hajulikani alipo.

Nani aliwajua hao? Msalaba Mwekundu na madaktari wa MSF walifika, na kazi yao tunaishukuru. Lakini majina ya waliopotea yalikusanywa na shirika dogo la Bungoma liitwalo Western Kenya Human Rights Watch (usilichanganye na lile kubwa la New York), na waliopigwa walisaidiwa kupata matibabu na Mwatikho, shirika la hapo hapo Bungoma la walionusurika mateso. Hawa walikuwepo kabla ya lori kufika, na lori likishaondoka walibaki.

Lakini tusidanganyane. Vikundi vidogo vina maradhi yake. Viko vya mkobani tu, mhuri na barua basi. Halafu kuna ubaya mkubwa kuliko wizi: waliofukuzana ni majirani, kwa hiyo kikundi cha kabila moja huona machozi ya kabila lake peke yake. Kwa maoni yangu, swali la kwanza si "risiti iko wapi?" bali "nionyeshe daftari, na uniambie nani hayumo."

Swali hilo linatugusa na sisi. Nasikia vijana wakisema wengi wa hawa si Waislamu, tuanze na wetu. Zakatul-fitr ina hukumu zake na masheikh wapo, tuwaulize. Sadaka ya hiari haina ukuta huo. Na kumbuka, mwaka 615 Waislamu wa Makka walipoteswa, aliyewapokea kule Habasha alikuwa Najashi, mfalme Mkristo. Miaka saba baadaye, Madina haikupiga hema. Mtume (s.a.w.) aliunga udugu nyumba kwa nyumba. Saad bin Rabii alijitolea kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, na Abdurrahman akamwombea dua, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza kwa jibini na samli. Hivyo ndivyo walivyo wengi wa wakimbizi wa Chwele na Kitale: wakionyeshwa soko, wakipata mtaji wa gunia moja la mahindi, hutawaona tena kwenye foleni.

Na mashirika makubwa yenyewe yameyumba. Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, mgao wa chakula Kakuma ulishuka hadi asilimia 28 ya mgao kamili, na watu wakaandamana.

Kwa hiyo kamati ikikaa baada ya tarawehe, pendekezo langu ni dogo. Tuchague vikundi viwili, kimoja Kitale na kimoja Bungoma, tuvikague, tuone madaftari yao, kisha pesa tuzigawe kwa miezi 12 badala ya kuzimwaga zote wiki ya Idd. Kodi ya chumba Chwele hudaiwa Shawwal pia.