Mngwana wa Maniema: neno la pwani kwenye ukingo wa Lualaba

Pwani, jambo likifanywa kiungwana limefanywa kwa adabu. Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kasongo mpaka Kindu, Kingwana kilikuwa jina la lugha, Kiswahili chetu chenyewe. Wapo wanaodai kwamba maana hii ya pili ni upotofu wa watu wa bara waliolipokea neno bila kulielewa. Dai hilo halisimami. Maniema ililipokea neno likiwa tayari safarini, ikalisukuma mbele zaidi.

Asili yake, muungwana, au mngwana kama tusemavyo huku, ni mtu huru aliyezaliwa na watu huru, kinyume cha mtumwa. Lakini mpaka huo ulikuwa umelegea hata Zanzibar. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara, wakiwemo watumwa na watu waliokombolewa, walijiita waungwana, na mpelelezi Stanley, katika kitabu alichokitoa mwaka 1878, anawaita watu wake wa Zanzibar Wangwana. Uungwana ulikuwa umeanza kutoka kwenye nasaba na kuhamia kwenye mwenendo: mavazi, dini, usemi. Kwa hiyo mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipofanya Kasongo kuwa makao yake, vijana wa Kikusu na wa makabila mengine waliolelewa katika nyumba za wafanyabiashara, wakavaa kanzu, wakasilimu, hawakuiba jina la mtu walipoitwa wangwana. Jipya lililotokea Maniema ni kwamba jina la hadhi likawa jina la watu, karibu kabila. Na watu wenye jina lao husema lugha yenye jina lao. Ndiyo kazi ya ki- katika Kiswahili.

Itasemwa kwamba Kingwana ni jina la wamisionari na Wabelgiji. Ni kweli kwamba waliliandika na kulieneza, lakini wangwana walikuwa wakiitwa hivyo kabla ya Dola Huru ya Kongo kuwashinda Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894. Pingamizi zito ni jingine: kumwita huru mtu aliyetekwa utotoni ni kumkejeli. Hili halijibiwi kwa wepesi. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, mpelelezi Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Lakini hapo hapo ndipo nguvu ya neno inapoonekana. Katika nchi ambamo mtu asiye na mlinzi aliweza kukamatwa sokoni, kuitwa mngwana kulikuwa kinga, na watu waliishika kwa mikono miwili. Kinga hiyo ilikuwa na mipaka: mtu huyo huyo akivuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji au Tabora aliitwa Mmanyema, jina ambalo huko lilinuka utumwa. Uungwana wake haukuwa uongo, ila ulitegemea mahali aliposimama.

Leo Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa la Kongo, na Kindu wengi husema tu Kiswahili. Watunga kamusi wafikapo kwenye neno muungwana, waiandike maana ya Kasongo kando ya maana ya Zanzibar, wala wasiiwekee alama ya kosa.