Obsequiae

Obsequiae ni bendi ya Marekani, kutoka jimbo la Minnesota, inayopiga blaki metali yenye melodi na ladha ya Ulaya ya Zama za Kati. Kiongozi wake ni Tanner Anderson, mwimbaji na mpiga gitaa. Albamu ya kwanza, Suspended in the Brume of Eos, ilitoka 2011. Zikafuata Aria of Vernal Tombs (2015) na The Palms of Sorrowed Kings (2019).

Upekee wake umo kwenye magitaa. Badala ya kurundika kodi (chords) nzito, magitaa mawili hupishana na kukutana kama miyaa ya ukili, kila moja na melodi yake, kwa skeli zinazokumbusha nyimbo za kale za kanisani. Sauti ya Anderson ni ya kukwaruza, ila imesukumwa nyuma; wasiopenda makelele watashukuru. Tangu albamu ya pili, kati ya wimbo na wimbo huja vipande vya kinubi kitupu, tungo za Zama za Kati zikipigwa na Vicente La Camera Mariño. Kuviita mapumziko ni kuvipunja: ndivyo vinavyoonyesha melodi za magitaa zilikochimbuka.